Pembe ya Chumba cha Mnarani

Harufu ya mawe yenye unyevu na dawa ya mchwa ikinipata popote, narudi Mbooni, mlimani kwetu, kwenye jumba lenye mnara ambalo mlowezi mmoja alijijengea kwa mfano wa ngome za kwao, na ambalo baadaye liligeuzwa makumbusho. Chini kulikuwa na picha za kuchora na vyungu vilivyofukuliwa ardhini. Juu mnarani, vitu vya wazee wetu. Mama alikuwa akisafisha humo, nami likizo ile ya Agosti nilimfuata kila siku, kwa kuwa baba alishafariki na nyumbani hakukuwa na wa kubaki nami.

Mnarani kulikuwa na kithitu. Ukikiona ni pembe tu iliyozibwa, lakini Susu, nyanya yangu, alishatuambia kwamba watu wetu huapa kwa kukigonga na kijiti, hawakigusi kwa mkono kamwe, na anayekikosea hufa yeye na jamaa yake. Sasa mkubwa wa makumbusho, mtu wa haraka aliyetoka mbali, aliagiza kila kitu kipanguswe vumbi Ijumaa kwa Ijumaa, pembe ikiwemo. Mama angekataa angefutwa kazi. Aliniambia ni pembe tu, akapanda ngazi na kitambaa chake, akafunga mlango. Nilibaki chini nikisikiliza kama ataanguka.

Tangu hapo niliiogopa mikono ya mama. Isyo aliyopika, mahindi na maharagwe matamu, niliirudisha sahani ikiwa bado imejaa. Jioni tukiteremka mlima alininyoshea mkono, nami nikajifanya nafunga kiatu. Alipopata homa nilijua tumekwisha. Nilikesha kando yake nikisikiliza anavyopumua. Ilikuwa malaria, akapona; hofu yangu haikupona.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwaka huu nilimrudisha mama kutembea kule. Kithitu kiko ndani ya kioo, na vijana wanajipiga picha nacho wakicheka. Mama alisimama mlangoni, akakataa kuingia. Nikamwuliza kwa nini, na yeye ndiye aliyekipangusa miaka yote.

"Nani alikipangusa? Nilikuwa nakigeuza tu na vijiti viwili, mkubwa adhani nimekipangusa, na vijiti nilikuwa navificha kwa aproni."

"Na ukaniambia ni pembe tu, mwaitu, mama yangu."

"Sasa ningekwambia nini, na wewe ulikuwa unaogopa hivyo? Hata mimi nilikuwa naogopa."

Tulipoanza kuteremka hakuninyoshea mkono. Siku hizi amezoea fimbo yake. Mkono wake niliushika mimi.