Sauti ndani ya basi lisilo na dereva iliuliza kama tuko salama, nikadanganya

Wakuu, habari za mapumziko. Nijianike mwenyewe kabla hamjanianika: nilimwambia mtu wa control room "we are fine" wakati jirani yangu anakosa pumzi kwenye kiti cha nyuma yangu.

Sijaongeza chumvi. Aibu yenyewe inatosha.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Kigoma, elimu form four, natengeneza simu chumbani kwangu hapa mtaa wa Point, Durban. Chumbani, narudia. Mimi kutoka nje ni mpaka mkate uishe.

Mlango wa pili anakaa Mama Neema, Mkongo wa Uvira, msusi. Jumamosi alikuwa na mteja kwenye zile ghorofa mpya za waterfront, akanikokota nimbebee mashine ya kukaushia nywele, ile kubwa yenye kofia.

Sasa huko wanajaribu kibasi kisicho na dereva. Viti nane, hakuna usukani, kupanda bure. Kuna kamera mbele, spika juu, na kitufe cha kuongea na watu wanaokisimamia kutoka ofisini.

Nilisimama mlangoni natafuta mtu wa kumsalimia. Mama Neema akanisukuma ndani.

Tulikuwa watatu: sisi wawili na mkhulu mmoja, babu wa Kizulu mwenye mifuko ya shopping.

Katikati ya safari, lori la fenicha limeziba upande wetu wa njia. Kibasi kikasimama, AC ikazima, mlango umefungwa. Mnaolijua joto la Durban mwezi wa pili, sina haja ya kuwaeleza.

Mama Neema akaanza kukohoa. Ana asthma. Akapekua mkoba, pampu hamna, kaiacha nyumbani. Akanigusa bega, akaonyesha kifua.

Hapo hapo spika ikaongea. Sauti ya mwanaume, Kiingereza rasmi. Anaona tumesimama, je, wote tuko salama, kuna anayehitaji msaada?

Wakuu, sauti ile ilikuwa ya dirishani kabisa, pale uhamiaji tunapopanga foleni kurenew karatasi za kuishi nchini. Na dirishani sisi wageni tuna kanuni moja: ukiulizwa, kila kitu kiko sawa. Ukisema una shida, unafunguliwa file.

Karatasi ya Mama Neema ilikuwa imeexpire, bado anasubiri jibu. Nikawaza, nikisema kuna mgonjwa wataomba jina, baada ya jina karatasi, baada ya karatasi sijui nini. Nikajiona namlinda.

Nikajibu haraka: "We are fine, sir, no problem."

Akashukuru. Fundi yuko njiani, nusu saa, akakata.

Mkhulu akaniangalia mimi, akamwangalia Mama Neema. Akaniuliza, taratibu tu, kama huyu mama ni wangu. Nikasema ni jirani. Akauliza sasa kwa nini namuua.

Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Midomo imeanza kubadilika rangi.

Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikapunga mikono mbele ya kamera kama kichaa. Mkhulu akanishika mkono, akanionyesha maandishi makubwa tu: shikilia mpaka taa iwake. Form four nzima, sikuyasoma.

Nikashikilia. Safari hii akajibu mwanamke. Akasema kwake imeandikwa abiria wote wako salama, nini kimebadilika?

Hakuna kilichobadilika, ndiyo ubaya wenyewe. Nikamwambia, "Nothing changed. I lied." Kwamba nyuma yangu kuna mama hawezi kupumua, na kamera haimwoni kwa sababu nimemkinga na mashine ya nywele.

Hakuuliza jina. Aliuliza kama mgonjwa anaweza kusema hata maneno mawili. Nikageuka, Mama Neema akatikisa kichwa. Yule dada akasema tukae mbali na mlango.

Ukafunguka.

Ukafunguka tu, wakuu! Muda wote ulikuwa unafunguka. Walituacha ndani kwa sababu magari yanapita pembeni na mimi nimeshasema tuko poa.

Tukamkalisha mlangoni kwenye upepo, mkhulu anampepea na kipande cha boksi. Ambulance ikaja, akawekewa mask. Jina waliandika. Karatasi hakuna aliyeitaja.

Nilichojifunza: dereva wa taxi atakusikia ukikohoa, atakutukana, atasimama. Hiki kibasi kinajua kile ulichokiambia. Ukiulizwa hali, sema hali. Na kitufe kisome kabla hujakaa.

Mlioko kwenye miji yenye vyombo hivi, mnaongeaje navyo? Wa kucheka acheke, ila aseme kweli angejibu nini huku karatasi imeexpire.

Jana nilienda kumwomba radhi Mama Neema. Aliniacha niongee mpaka maneno yakaniishia, huku anasuka. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Weye siku utakufa, malaika atakuuliza iko nini ilikuua, na utamujibu hakuna shida."