Kiti cha Mbele cha Shemeji

Mume wa dada yangu alikuwa na kadi ya dhahabu ya shirika moja la ndege la Ulaya, na miaka ile ya tisini sidhani kama kulikuwa na mtu wa heshima mjini Arua ambaye hakuwahi kuonyeshwa kadi hiyo. Aliivaa kwenye mfuko wa shati jepesi, ili rangi ionekane kwa nje. Dhahabu yenyewe ilikuwa plastiki. Niliishika mara moja, ilikuwa nyepesi kama kifuniko cha kopo.

Wazazi wake walikuwa wakulima wa Dranya, watu wenye adabu sana, na yeye mwenyewe alisoma kwa taabu, jambo ninalomheshimu kwalo hadi leo. Nalitaja mapema kwa sababu sitapata nafasi ya kumheshimu tena. Wakimbizi wa Sudani walipojaa Koboko, mji wetu wa mpakani, shirika moja la misaada lilimpa kazi nzuri ya ofisini, na kazi hiyo ikampandisha ndege. Watu walikuwa wanalala chini ya majani ya migomba wakingojea maturubai, naye anasafiri kwenda Ulaya kukaa kwenye mkutano wa kujadili maturubai. Akirudi, hatukusikia habari ya maturubai. Tulisikia habari ya maili.

Alitueleza hesabu hiyo bila kuulizwa. Kila safari inakupa maili. Ukikusanya maili nyingi unapata kadi ya fedha, ukizidisha unapata ya dhahabu, na mwenye dhahabu hupandishwa daraja: amelipiwa kiti cha nyuma lakini anakaa mbele, kwenye viti vipana. Safari moja alizunguka kupitia miji miwili isiyokuwa njiani kabisa, akalala kwenye benchi la uwanja wa ndege, akarudi nyumbani shingo imekakamaa, ili tu maili ziongezeke. Alitusimulia hayo akicheka kama mtu aliyemzidi mchuuzi ujanja sokoni.

Nyumba yao ilijaa takataka za huko mbele. Vichupa vya chumvi, visu vidogo, blanketi nyembamba, soksi zisizo na kisigino, vitambaa vyeusi vya kufunika macho. Dada yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alitumia vile vitambaa vya macho kushikia sufuria ya moto.

Sasa nieleze habari ya mama yetu, maana kisa hiki ni chake.

Baba alikuwa askari, kama babu yake na baba wa babu yake, na mama aliishi kwenye kambi za jeshi tangu alipoolewa. Nyumbani tuliongea Kinubi, lugha yetu yenye asili ya Kiarabu, lakini kwa wageni na wakwe aliongea Kiswahili chake cha kambini, kisichojali sarufi ya mtu. Mwaka 1979 serikali ya kijeshi ilipoanguka, tulikimbia kwa miguu kutoka Koboko tukapita Midia kuingia Sudani. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka yangu mkubwa alitutangulia kuvuka, kwa sababu vijana wa familia za jeshi ndio waliokuwa wakitafutwa. Tulipoachana naye mpakani mama alimpa kitambaa chake cha kichwa afungie chakula. Hakumwona tena kwa miaka mingi. Kaka alifika Khartoum, halafu akachukuliwa na nchi moja ya baridi huko Ulaya. Sisi tulirudi Koboko vita vya Sudani vilipotufukuza huko pia. Yeye hakuthubutu kurudi.

Mwishowe alipata kazi ya kudumu, akamwita mama akamwone, na akaomba nimsindikize. Alilipa tiketi zote mbili. Kwa kuwa Shemeji alikuwa na mkutano upande uleule wa dunia, ikaamuliwa tusafiri naye, yeye mjuzi wa ndege.

Siku alipokuja Koboko kutuarifu, alisimama katikati ya ua, mbele ya majirani.

"Mama hatakaa nyuma," alisema. "Mimi nipo, na kadi yangu ipo. Nitatumia maili zangu, atakaa mbele na wakubwa. Kiti kinalala kama kitanda."

Majirani walipiga vigelegele. Mama alimtazama kidogo, akasema, "Asante, mkwe wangu. Lakini mimi iko mutu ya kukaa tu. Popote nakaa."

Kwetu mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Mwanamume akikutana naye kwenye kichochoro, hurudi nyuma hadi apite. Kwa hiyo ahadi ile ilionekana kuwa heshima ya kawaida, iliyopakwa rangi ya kisasa, na mama aliipokea hivyo.

Barabara ya Karuma, ya kushukia kusini, ilikuwa ya risasi za waasi miaka ile, kwa hiyo watu wenye uwezo walikwenda Entebbe kwa ndege ndogo. Pale Arua abiria hupimwa kwenye mizani pamoja na mizigo yao. Mama alipopanda mizani alicheka hadi akashika mdomo. "Wananipima kama tumbako!" alisema. Rubani, kijana mweupe mwenye kaptura, aliwapanga watu kwa uzito, akamwambia Shemeji akae kiti cha mwisho kabisa. Shemeji akatoa kadi. Rubani aliigeuzageuza.

"Ina uzito gani?" aliuliza.

"Haina uzito. Ni dhahabu."

"Basi kaa nyuma," rubani akasema, akaenda kuangalia matairi.

Hadi Entebbe Shemeji alikuwa akiifuta kadi kwa leso.

Asubuhi yake tulisimama kwenye kaunta ya shirika la ndege kubwa. Msichana wa kaunta alikuwa mpole. Aliangalia kadi, akaandikaandika, akasema maili zilizobaki zinatosha kumpandisha daraja mtu mmoja.

"Sawa," alisema Shemeji. "Mimi."

Nilifikiri amekosea kusema. Msichana naye nadhani alifikiri hivyo, kwa sababu alimtazama mama, aliyekuwa ameegemea mkono wangu, akasema, "Unaweza kumpa mzee uliye naye. Inaruhusiwa."

"Hapana. Mimi nikishuka naingia mkutanoni, lazima niwe nimepumzika." Halafu akanigeukia, akashusha sauti kana kwamba ananionea huruma. "Shemeji, mama atapata tabu kule mbele. Kuna uma za aina tatu. Hata tofauti yenyewe hataijua."

"Uliahidi mbele ya watu," nilisema.

"Niliahidi kabla sijajua idadi ya maili."

Alikuwa anaijua idadi ya maili zake kuliko umri wa watoto wake. Nilitaka kumwambia hivyo palepale, lakini mama alinibana mkono. Aliuliza kwa Kinubi kuna nini. Nikamwambia Shemeji anakwenda kukaa mbele, sisi tunakaa nyuma.

Mama alifikiri. Kisha akamuuliza Shemeji mwenyewe, bila kejeli yoyote, kwa sababu alitaka kweli kujua: "Na wewe utafika mbele yetu?"

"Hapana, mama. Tunafika pamoja."

"Ah," alisema mama.

Waliitwa kwanza wale wa mbele. Shemeji alipita akiwa ameinua kadi ile kama mtu anayevuka mto na redio, na hakutazama nyuma. Sisi tuliingia baadaye tukampita amekaa, miguu imenyooshwa, bilauri ya juisi mkononi. Mama alimsalimu. Alijibu kwa kutikisa kichwa, maana jirani yake alikuwa mzungu mwenye tai.

Safari ilikuwa ndefu. Mama hakuogopa, aliyevuka mpaka kwa miguu huku mizinga ikilia nyuma yake haogopi kutikisika kwa ndege. Lakini miguu yake ilianza kuvimba. Viatu vyake vya ngozi, alivyonunua Arua kwa ajili ya kumwona mwanawe, vikambana hadi nikavivua kwa nguvu. Alikuwa anauma midomo.

"Mguu yangu iko nauma kidogo tu," alimwambia mhudumu aliyekuja na maji, naye hakuelewa.

Nikaenda mbele. Palikuwa na pazia, kitambaa chepesi tu, ambacho mtoto wa kuku angeweza kukipita. Nikalifungua. Shemeji alikuwa anakula. Aliponiona alishtuka kama nimemkuta bafuni.

"Shemeji, huku hamruhusiwi."

"Mama miguu imevimba. Mpishe kidogo alale, wewe ukae kwangu. Tukikaribia kushuka utarudi."

"Haiwezekani. Kiti kina jina langu."

"Nitamwomba mhudumu."

"Usiniaibishe!" Alisema kwa kunong'ona, macho yakimtazama yule mwenye tai. "Hizi ni haki za mwenye kadi. Hazihamishiki." Kisha akachukua kipochi kidogo alichopewa na ndege, akatoa soksi, akanipa. "Mpe hizi. Ni nzuri kwa miguu."

Ningependa kusema nilimtupia usoni. Nilizichukua, kwa sababu miguu ya mama ilikuwa baridi. Lakini nilimtazama vizuri, mtu mzima mwenye leso kifuani na mchuzi kwenye kidevu, akikumbatia kiti kisicho chake, atakachokiacha baada ya saa chache wenye kufagia waje. Hasira iliniisha. Kilichobaki ni kile mtu anachohisi akiona nzi kwenye maziwa.

Mhudumu mmoja mwanamke, mzee kidogo kuliko wenzake, alikuwa amesikia sauti zetu ingawa hakujua lugha. Alinifuata hadi kwa mama, akaitazama miguu, akakunja uso. Alimwinua mama taratibu, akampeleka mkiani kabisa mwa ndege, karibu na vyoo, palipokuwa na viti vitatu vitupu. Akanyanyua vya kuegemezea mikono, akamlaza, akaweka mito chini ya miguu. Mama alilala akikoroma hadi tulipofika. Sikulala. Nilikaa sakafuni kidogo, nikafukuzwa, nikarudi kwenye kiti changu.

Wa mbele walishuka kwanza. Kwa hiyo Shemeji ndiye aliyetangulia kumfikia kaka yangu kule nje, na tulipotokea tulimkuta anamkumbatia na kusema kwa sauti, "Nimekuletea mama salama! Amesafiri kama malkia!"

Kaka hakumsikia tena. Alikuwa amemwona mama, katika soksi za ndege, viatu mkononi mwangu, anakuja polepole akiangalia sakafu inayong'aa asije akateleza. Kaka alikuwa ameota mvi. Alipiga magoti palepale kwenye njia ya watu na masanduku yao, akashika ile miguu iliyovimba, na mama akamwekea mikono kichwani. Alipapasa mvi zile, akasema kwa Kinubi, "Wewe umezeeka bila mimi." Watu walituzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Shemeji alisimama pembeni. Alitazama saa. Baada ya muda alisema gari la mkutano linamsubiri.

Kaka alikuja kujua habari yote siku ileile, kwa kuwa aliniuliza kuhusu miguu nami sikuona sababu ya kudanganya. Alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akamwosha mama mwenyewe.

Tulikaa huko miezi kadhaa. Tuliporudi Koboko, ua ulijaa watu. Wanawake walipika gurusa, ile mikate yetu ya kikaangoni, chai ikamiminwa, na Shemeji akaja kutoka Arua amevaa koti. Alisimama kuhutubia. Alisema alivyomtoa mama kijijini akampandisha mbele na wakubwa, kwenye kiti kinacholala kama kitanda. Alieleza hadi chakula. Alikieleza vizuri, kwa kuwa alikuwa amekila.

Dada yangu alikuwa anamimina chai. Aliweka birika chini.

"Mama," aliuliza, "kile chakula kilikuwa kitamu?"

Mama hakupenda kumwaibisha mtu, lakini uongo aliuchukia zaidi. "Mimi sijui hiyo chakula," alisema. "Mimi nilikuwa nalala karibu na choo. Mkwe yangu ndio alikuwa kule. Mumuulize yeye, yeye najua."

Kikohozi kilimshika mzee mmoja. Mwingine akatazama viatu vyake. Halafu mwanamke mmoja wa Pajulu, shangazi wa mbali, akaangua kicheko, na ua mzima ukafuata. Nilimtazama dada yangu. Alikuwa anacheka pia, machozi yanamtoka, na sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu aolewe. Shemeji alikaa. Alisema hadithi yenyewe ndefu, watu hawajaielewa. Aliondoka kabla ya wali.

Baadaye shirika lake lilifunga ofisi, magari yakapelekwa kwingine, na safari zikakoma. Kadi ya dhahabu ikawa ya fedha, ya fedha ikawa si kitu. Alifungua duka la vifaa vya ujenzi mjini Arua. Dada hakumwacha, alihamia upande wa pili wa nyumba na watoto, akaanza biashara yake ya vitenge, na wakawa wanasalimiana kama wapangaji.

Mimi nilikwenda kwa kaka mara nyingine moja, peke yangu. Niliporudi nilihitaji misumari, na duka lenye misumari ya bati lilikuwa la Shemeji. Alinipimia mwenyewe. Aliniuliza nilipanda ndege gani, nikamwambia.

"Na maili uliandikisha?"

"Sikuandikisha."

Alisimama na misumari mkononi. "Zote? Kwenda na kurudi?"

"Zote."

Aliniangalia kwa masikitiko ya kweli, nadhani masikitiko pekee ya kweli niliyowahi kuyaona usoni mwake. "Shemeji," alisema, "umezitupa." Nikachukua misumari yangu, nikatoka.