Stabilaiza Nene

Mama mkwe wangu hajawahi kunilaumu kwa ile safari. Afadhali angenilaumu.

Gari langu lilipenda kulala kwenye kona, na mimi napenda mwendo. Nikaenda kwa fundi pale Makindu anibadilishie stabilaiza, kile chuma kilichopindwa kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisiegemee upande. Nilimpelekea nyingine, nene, niliyoitoa kwenye gari kubwa bovu. Fundi akaiangalia, akacheka. "Boss, chuma kikinenepa kidogo tu, ugumu unaongezeka sana. Kwa lami utafurahia. Lakini kwa rafu rodi, gurudumu moja likiingia shimo, linasumbua na lile lingine. Ukibeba watu watakutukana."

Nikamwambia afunge, aache mahubiri. Na wee, nilitamba! Kila kona gari wima.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaruhusiwa kutoka hospitali, tumbo limeshonwa. Mke wangu alikuwa ametangulia Ikutha kumwandalia nyumba, kwa hivyo asubuhi nikamchukua peke yangu. Sasa, sisi Wakamba tuna nthoni: mama mkwe hakutazami usoni, hakai kiti cha mbele kando yako, na mambo ya mwili wake hakwambii kamwe. Akaketi nyuma, leso usoni.

Kwenye lami nilijisifu kama mjinga. "Mama, unaona vile limetulia?"

"Ni kweli, mwanangu."

Tulipoacha lami, ndipo balaa likaanza. Kila shimo la kushoto lilitikisa na upande wa kulia, mpaka meno yangu yakagongana. Nilijua ni ile stabilaiza. Haki ya Mungu nilijua! Ningefungua nati mbili tu, gari lilainike, na spana zilikuwa chini ya kiti changu. Lakini nilikuwa nimeshatamba. Ningeanzaje kulala kwenye vumbi mbele ya mama mkwe, nikikiri nimeharibu gari langu mwenyewe?

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa. Endesha tu."

Nikaendesha. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Tulipofika, mke wangu ndiye aliyefungua mlango wa nyuma. Mama yake alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili, leso ameijaza mdomoni, ameiuma mpaka ikatoboka. Nguo ilikuwa na damu pale tumboni, nyuzi zimeachia. Mke wangu alinitazama, nikainamisha kichwa.

Ilibidi arudishwe hospitali ashonwe tena. Kwanza niliingia chini ya gari na shati langu jeupe, nikafungua zile nati. Safari hii mke wangu alikaa nyuma na mama yake. Gari lilienda likiyumba, lakini laini. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, sasa ni afadhali?"



"Hata asubuhi lilikuwa zuri, mwanangu," akasema, akajifunika leso yake iliyotoboka.