Shangazi Aliyetembea kwa Macho

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alinyanyua magoti juu kila alipopiga hatua, kama mtu anayevuka maji. Utotoni niliona ni uzuri. Asubuhi, ukungu ulipotanda kijijini kwetu Kirushya, alitokea katikati ya migomba taratibu, mkono ukigusa mgomba huu, kisha ule, nami nilidhani anaisalimia. Kandambili zilimtoka miguuni njiani asijue. Nilimfuata nyuma nikiziokota.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mstari kwenye uwanja uliofyekwa, hapana hata mgomba mmoja wa kushika. Siku ya kwanza shangazi alisimama mlangoni muda mrefu, akikitazama choo kana kwamba kiko ng'ambo ya ziwa. Baba alimchongea fimbo. Akawa anatembea ameinama, macho hayabanduki kwenye vidole vya miguu. Majirani wapya walinong'ona kwamba amerogwa. Baba alipowasikia aliwauliza, "Mama yetu naye alitembea hivihivi. Yeye alirogwa na nani?"

Vita vilipoanza mpakani, tuliamriwa jioni pasionekane taa wala moto nje, ndege za adui zisituone. Jioni ya kwanza, kiza kikianza kuingia, shangazi alitoka jikoni kuja nyumba kubwa. Nilimwona akisita, akayumba, akaanguka kimyakimya, kama nguo iliyoteleza kwenye kamba. Nilimkimbilia.

"Umeumia, shangazi?"

"Hapana, mwanangu. Ila miguu imeondoka."

"Imeondoka kwenda wapi?"

"Nisipoiona, sijui iko wapi. Mimi natembea kwa macho."

Tangu hapo, kila jua lilipoelekea kuzama nilimshika mkono tukaingia ndani mapema. Tuliketi kwenye mkeka, mlango wazi, tukitazama vilima vikififia kimoja baada ya kingine. Malori ya jeshi yalinguruma mbali, na harufu ya maharage ikaja kutoka nyumba zisizoonekana. Nilisinzia nikiota kijiji chote kinaelea, na kiganja chake kigumu ndicho kinachokizuia kisiende.

Vita vikaisha, taa zikarudi. Baba alipanda migomba pande zote mbili za njia ya chooni, na shangazi aliishi miaka mingi akiishikilia. Alifariki akiwa mzee, ugonjwa wake haujapata jina.

Mimi nilishakuwa na binti mkubwa siku niliyoinama kunawa uso kwenye beseni. Nilifumba macho, na sakafu ikaniponyoka. Katika hospitali ya rufaa, daktari, mama wa makamo, aliniambia nisimame na kufumba macho tena. Niliyumba, akanidaka.

"Nani mwingine kwenu anatembea kwa kunyanyua magoti kama wewe?" aliuliza.

Nikamsimulia habari za shangazi, na za bibi. Alichukua damu ikapelekwa mbali kupimwa. Majibu yaliporudi alinichorea mshipa wa fahamu kwenye karatasi.

"Ndani yake mna nyuzi za protini," alisema. "Ndizo zinazoushikilia na kuupa unene. Kwenu, maelekezo ya kuzitengeneza yana kosa mnalorithishana; baba yako naye alilibeba bila kuonyesha dalili. Badala ya kunyooka, nyuzi zinajisokota na kurundikana. Mshipa unanyauka kuanzia mwisho wake, na mishipa mirefu kuliko yote ndiyo inayokwenda miguuni. Ndiyo maana usipoitazama miguu hujui iko wapi."

"Kwa hiyo hakurogwa."

"Hakurogwa."

"Dawa ipo?"

"Ya kuponya, bado. Mazoezi yatakusaidia, na viatu vinavyoshika kifundo cha mguu."

Nilitoka nje nikaketi kwenye benchi, nikalia kwa ajili ya shangazi, kilio chepesi, karibu cha furaha.

Nilipomweleza binti yangu, aliuliza, "Na mimi je, mama?"

"Huenda unao ugonjwa huu, huenda huna. Unaweza kupimwa ukitaka."

"Nitafikiria," alisema. Kesho yake alinipeleka kwa fundi viatu sokoni. Fundi alinipima mguu, akauliza nataka vya rangi gani, vyeusi au kahawia. Kabla sijafungua mdomo, binti yangu akasema, "Vyekundu, avione vizuri."