Mafuta Yaliyolala Chini ya Dumu

Nyie wajukuu zangu, na nyie vijana wengine mnaokuja hapa na pikipiki za zamani mkitaka niwaongezee nguvu, kaeni kwanza. Haraka yenu naijua. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Ila kwa pikipiki hizi za moshi wa bluu, zile ambazo oili inachanganywa humo humo ndani ya petroli, bado sijamwona wa kunifundisha kati ya Musoma na Kisorya. Nasema bila aibu. Mkono huu mnaouona umepinda, ulikuwaga unanyoosha injini.

Lakini kuna siku moja kule Butiama niliaibika mbele ya ukoo mzima. Hiyo ndiyo nataka kuwapa leo.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, petroli kwa kibali. Mume wangu Mafuru alikuwa na pikipiki aliyoachiwa na bwana shamba mmoja aliyehamishwa, naye alibebea samaki kutoka Kibara kwenda Bunda. Kwenye tambarare ilikwenda. Ikifika mlimani ilikuwa inalia kama mbuzi aliyefungwa, Mafuru anashuka, anasukuma, sangara wanaoza jua likiwatazama. Wanaume wa Bunda wakampa jina, wakamwita Msukuma, na yeye ni Mjita wa kuzaliwa. Alicheka nao, ila nyumbani usiku usingizi haumjii.

Nikamwambia, "Hiyo injini nitaifungua mimi."

Akanitazama. "Na ukishindwa kuifunga?"

"Si utaendelea kusukuma? Umeshazoea."

Nikaenda kukaa kwa dada yangu mtaa wa Kamunyonge, Musoma, mtoto mgongoni, Mafuru akatuletea pikipiki, na kila asubuhi nilikuwa kwa fundi mmoja mzee, Mzee Magesa. Mwanzo alinipa vyuma vya kuosha tu. Alipoona sichoki, akanionyesha silinda kwa ndani. Akasema, "Mama Bwire, mnyama huyu anapumulia matundu haya. Tundu la moshi ukilipandisha juu kwa unene wa ukucha, anapata pumzi. Ukizidisha hapo umemuua, usinijie na kilio."

Mwanangu, unene wa ukucha si jambo la kusimulia, ni jambo la kushika. Nilipiga tupa siku tatu, nikipuliza unga wa chuma, nikipima kwa kipande cha boksi nilichokata mwenyewe. Kingo za tundu nikazilainisha mpaka kidole kikipita hakisikii kitu, maana ringi ya pistoni ikinasa pale imevunjika. Kichwa cha silinda nikakisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo changu cha harusi, ili kishuke kidogo na mgandamizo uongezeke. Kioo kikaharibika. Mafuru akawa ananyoa ndevu akijitazama kwenye maji ya beseni. Tundu la jeti ya kabureta, lile la kupitishia petroli, nikalitanua kwa sindano, maana anayepumua sana anakula sana.

Likabaki suala la oili. Hapakuwa na oili. Hapo Mzee Magesa akaniambia kwamba watu wa mashindano ya pikipiki zamani walikuwa wanatumia mafuta ya nyonyo, yale ya mbegu za mbarika, na kwamba hakuna oili inayovumilia joto kuyapita. "Lakini petroli na nyonyo hawapendani," akasema. "Ukiwachanganya, watikise. Ukiwaacha, watikise tena kabla hujamimina. Umesikia?"

Nilisikia kwa sikio. Kichwani nilikuwa nafikiria tupa. Kutikisa dumu niliona ni kazi ya mtu yeyote, hata punda angefundishwa.

Pikipiki ilipowaka mara ya kwanza, majirani wa Kamunyonge walitoka nje. Sauti ilibadilika, ikawa kali, kavu, inapanda haraka. Tulikwenda nayo Bunda, mimi nimekaa nyuma, na kwenye mlima ule wa kusukumia Mafuru hakushuka. Aliuliza tu, bila kugeuka, "Mama Bwire, hii ni ile ile?" Mpaka leo sijapewa sifa nzuri kuliko hiyo.

Sasa, baba mkubwa wa Mafuru, Mzee Masatu, alikuwa anakaa upande wa Butiama, na katika ukoo neno lake ndilo lilikuwa neno. Alikuwa ameshaamua pikipiki itolewe, sisi atupe ng'ombe wake wawili wa kulimia. Bila pikipiki sisi hatukuwa na chakula, maana shamba la Kibara lilikuwa mchanga na wanetu walikula kwa magurudumu yale. Tukaenda kumwomba. Akasema, "Dume halisukumwi na mwenye nyumba. Kesho hilo dume lenu la chuma lipande kile kilima cha mawe na gunia la pamba mgongoni. Likifika juu, kaeni nalo. Likishindwa, mtarudi Kibara na ng'ombe."

Nilifurahi moyoni. Nilikijua kile kilima, na nilijua nilichofanya ndani ya silinda ile.

Mafuta ya nyonyo tuliyakuta hapo hapo. Mama mkwe wangu, Bibi Nyangeta, alikuwa anaishi katika mji ule wa Mzee Masatu, na yeye ndiye alikuwa akikaanga nyonyo, anatwanga, anachemsha, anaengua. Pikipiki hakuwahi hata kuipanda. Alinipa mafuta masafi, ya rangi ya asali. Jioni ile nikachanganya kwenye dumu, nikatikisa vizuri, nikaliweka pembeni ya ghala. Asubuhi ilikuwa na baridi. Watu wameshajaa njiani, wamekuja kutazama mke wa Mafuru anaaibika. Na mimi nikataka wanione. Nikabeba lile dumu kwa madaha, mkono mmoja, kama mtu anayebeba kibuyu cha maziwa mbele ya wageni, nikamimina taratibu kwenye tangi lililokuwa tupu.

Sikutikisa.

Pikipiki iliwaka. Iliondoka kama inafukuzwa. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mzee Masatu akatoa kiko mdomoni. Ilipita jiwe la kwanza, ikapita kona, ikawa imebakiza kama theluthi ya kilima. Halafu sauti ikapanda ikawa nyembamba, na pap. Kimya. Gurudumu la nyuma likakwama, Mafuru akavuta klachi, akaanguka upande wa majani. Gunia likapasuka, pamba ikatapakaa kwenye mawe kama kundi la yangeyange. Mafuru hakuumia. Mimi ndiye niliyeumia.

Mzee Masatu akasema kwa utaratibu, "Mama Bwire, njoo uchukue mzoga wako."

Nikaanza kuyasema mafuta. Nikasema hadharani, mbele ya watu, kwamba mafuta ya kienyeji yameniangusha. Mdharau mwiba mguu huota tende, ila mimi niliudharau mwiba halafu nikaulaumu mguu wa mwenzangu.

Mama mkwe akageuka, akarudi nyumbani polepole, watu wakimsubiri. Aliporudi alikuwa na lile dumu. Akaliinamisha mbele yangu. Chini kabisa kulikuwa na mafuta yake, mazito, ya rangi ya asali, yamekaa kimya.

"Mafuta yangu ni haya," akasema. "Hayajatoka hapa. Sasa niambie, mwanangu, mmeendeshea nini?"

Petroli tupu ilikuwa imeingia kwenye injini niliyoiongezea moto mwenyewe, bila tone la kuilainisha.

"Mafuta haya ni mazee kama mimi," akasema. "Usiku wa baridi yanalala. Mimi hata nikimpaka mtoto mchanga nayatikisa kwanza. Una mkono wa kushika tupa siku tatu, ukakosa mkono wa kutikisa dumu?"

Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia Mzee Masatu. "Shemeji, ulisema lipande kesho. Kesho hiyo ni leo, na jua bado liko huko. Mwache amalize."

Mzee akaweka kiko mdomoni. "Mpaka ng'ombe warudi."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilitandika kanga yangu pale pale njiani nikafungua injini. Pistoni ilikuwa imekwaruzika ubavu mmoja, imeacha ngozi yake kwenye ukuta wa silinda. Nikaikwangua kwa msasa laini uliolowa, taratibu, mpaka ukuta ukarudi kuwa laini. Ringi zilikuwa nzima. Nadhani ni yale mafuta ya safari za nyuma yaliyokuwa yamebaki mle ndani yakaniokoa, yale yale niliyoyatukana. Nilipofunga, nikamwaga petroli ya tangini ikarudi kwenye dumu, nikalikumbatia, nikatikisa. Nilitikisa mpaka leso ikanitoka kichwani, watu wote wananitazama. Bibi Nyangeta akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, halafu akasema, "Sasa yameamka."

Tukafunga gunia upya. Mafuru akapanda. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini wakati moshi wa bluu ulipotokea juu kabisa ya kilima, na tukasikia honi.

"Haya," akasema Mzee Masatu. "Ng'ombe watabaki kwangu."

Pikipiki ile ilisomesha watoto wanne. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka ya Bunda yakajaa oili ya makopo, na wengi wakasahau nyonyo. Mimi nilinunua makopo kama wengine, ila dumu niliendelea kulitikisa, maana kilichobadilika ni kopo, si injini. Na wale waliokuwa wakimwita Mafuru Msukuma walikuja kwangu mmoja mmoja na pikipiki zao, kofia mkononi.

Basi shikeni hili, wanangu. Kila mtu anapenda kushika tupa, kwa sababu tupa inaonekana. Kinachokuangusha kilimani ni kile kidogo ulichokiona si cha hadhi yako. Ukiongeza nguvu, ongeza na uangalifu kwa kipimo hicho hicho. Ukikosea, usimtafute wa kumtwisha, hasa mzee aliyekupa kilicho chema. Sema ni mimi, halafu tandika kanga ufungue. Mungu awape mikono mitulivu, awape milima na pumzi ya kuipanda, na barabarani awafikishe.

Siku tuliyorudi Kibara niliita nyumba nzima, Mafuru akiwemo, nikatoa amri ambayo mpaka leo haijafutwa: dumu la mchanganyiko litatikiswa na mkubwa aliyepo, kila mara kabla ya kumimina, na litatikiswa mpaka aliye jikoni asikie. Atakayeona kazi hiyo ni ndogo kwake, tupa yangu asiiguse.