Bi Kutu na Kijiti cha Kauri

Kazini walimwita Bi Kutu, na jina hilo alijitakia mwenyewe kwa ulimi wake, kwa maana hakuna pampu aliyowahi kuifungua bila kuitukana kutu kama jirani mbaya. Alikuwa fundi katika jumba la kuonyesha samaki wa baharini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha maji ya chumvi hayalali. Maji yakilala humo, samaki hawaamki.

Asubuhi hiyo alipita nyuma ya tangi kubwa, akaweka kiganja juu ya pampu kama mama anayempima mwanawe homa, akahisi inatetemeka vibaya. Akaizima palepale.

"Mbona umezima?" akauliza fundi umeme, mwenzake wa siku nyingi.

"Nimeiwahi kabla haijajizima yenyewe. Washa vile vipampu vya hewa, tupate kupumua, sisi na samaki."

Wakaifungua. Parafujo moja ilikuwa imeliwa na chumvi kiasi kwamba spana ilipoigusa tu, kichwa kikadondoka kama ganda la karanga. Ndani ndiko kulikokuwa na msiba wenyewe. Feni inayosukuma maji huzunguka juu ya kijiti chembamba, na kijiti hicho kilikuwa cha chuma, kile ambacho wauza vipuri huapa kwamba hakishiki kutu. Kwa maji ya bomba, sawa. Chumvi haina habari na viapo vya mtu. Kijiti kilikuwa kimelika katikati, feni ikawa inapepesuka kama mlevi na kujisugua, hadi plastiki iliyofunika sumaku yake ikapasuka. Maji yakapenya, sumaku ikavimba na kutoa uji wa kahawia.

Meneja akaja, mama mmoja asiyependa maneno mengi. "Pampu mpya itachelewa kufika. Tuwahamishe samaki?"

"Tukiwahamisha kwa pupa tutawaua wengine. Nyumbani nina pampu mbovu ya aina hiihii. Iliungua nyaya tu. Feni yake ni nzima, na kijiti chake ni cha kauri. Hicho chumvi haikiwezi. Nipe nafasi nikakilete."

Meneja akamtazama usoni, hakuona wasiwasi. "Nenda, mama."

Mumewe alikuwa kinyozi, na kibanda chake kilikuwa mlangoni pa nyumba yao. Bi Kutu alimpita, akaingia ndani, akatoka mikono mitupu.

"Baba watoto, sanduku langu la pampu liko wapi?"

Mashine ikanyamaza juu ya kichwa cha mteja kilichonyolewa nusu. "Lile? Si ulisema mwenyewe nyumba imejaa takataka? Nimempa yule rafiki yangu wa vyuma chakavu."

"Takataka nilizozisema ni viatu vyako."

Mteja akacheka. Kinyozi hakucheka, alimjua mkewe. Akavua aproni, akamwambia mteja amlindie kibanda, kwani kwa kichwa kile asingeweza kwenda popote. Wakaondoka wote wawili, mke mbele, mume nyuma.

Walimkuta muuza vyuma ameshazivunja pampu zote za sanduku lile ili apate shaba. Mkononi alikuwa na ileile feni, anaipitisha juu ya lundo, na sumaku yake inamtenganishia chuma na kisicho chuma.

"Karibu, shemeji."

"Ahsante. Hiyo feni ilikuwa na kijiti cheupe."

"Kile? Sumaku haikishiki, hakina soko. Nimekitupa kule kwenye plastiki."

Kinyozi alichuchumaa bila kuambiwa. Vidole vyake vilivyozoea kutafuta unywele mmoja nyuma ya sikio vikapekua vipande, hadi akainua kitu kama chaki. Bi Kutu akakipitishia ukucha kutoka mwisho hadi mwisho. Hakuna mkwaruzo.

"Na hiyo feni, shemeji."

"Hii imenirahisishia kazi," akasema muuza vyuma, akiibana kwapani.

"Nitakuletea nyingine. Imevimba, imechubuka, maji haiwezi tena kusukuma, lakini chuma itakishika hadi uchoke wewe."

"Na nywele nitakunyoa leo jioni," akaongeza kinyozi. "Umekuwa kama fagio."

Feni ikatoka kwapani.

Kinyozi hakurudi kibandani moja kwa moja. Alifuatana na mkewe hadi nyuma ya tangi, mahali ambapo miaka yote ya ndoa hakuwahi kufika, akamshikia tochi. Bi Kutu alisugua chumvi iliyoganda, akapachika kijiti cheupe na feni yake, akabadilisha mpira wa kuzibia maji, akakaza parafujo za plastiki. Kisha akaiwasha. Pampu ikavuma kwa sauti nzito, laini. Mkondo ukaanza kuvuta majani ya baharini, na chewa mkubwa aliyekuwa amejibanza penye mawe akatoka taratibu, akageuza kichwa kukabili maji.

"Anakujua?" kinyozi akauliza, pua yake imegusa kioo.

"Ananijua kwa chakula tu. Simama vizuri, unanikingia mwanga."

Meneja, aliyefuata mvumo huo hadi nyuma ya tangi, akauliza ni pampu ngapi nyingine zenye vijiti vya chuma. Bi Kutu alikuwa ameshavuta boksi la spana mbele ya pampu inayofuata.