Jina Nililompa Karani

Siku ambayo hainitoki moyoni, mwanangu, ni ile karani wa kijiji alipokuja kuandika viwanja.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa, huku Buswelu, wakati bado ni pori na mashamba ya pamba. Mume wangu Masalu alikuwa na miezi miwili kaburini. Asubuhi alikwenda kupalilia, saa nne wakamrudisha amebebwa kitandani. Hakuugua hata siku moja. Nikabaki na watoto wawili na hofu. Hata kuku akiparura mlangoni nilishtuka.

Karani, mgeni kwetu, akauliza, "Mkuu wa kaya nani?"

Nilikuwa nimesikia kwamba wajane hawapewi kiwanja. Uvumi tu, wala sikuuliza. Nikajibu, "Masalu." Akaandika. Nami nikashukuru, mjinga mimi!

Wiki haikuisha, akaja Maduhu, mdogo wake marehemu. "Shemeji, kiwanja cha kaka nimekiona. Ijumaa nahamia. Wewe na watoto ni wangu sasa."

Kurithi mjane ilikuwa desturi. Lakini Maduhu alikuwa na wake wawili, na wote nilishawaona wakijifunika khanga mpaka shingoni kuficha alama za fimbo.

Nikaenda kwa mama mkwe, nikijua fika atamtetea mwanawe. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua choroko zake, kisha akanikaripia.

"Umempa maiti kiwanja, halafu unashangaa ndugu yake kuja kurithi? Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilirithiwa kwa woga wangu, sikuwahi kupata raha. Maduhu nimemzaa, namjua. Nenda kaseme wewe ni nani."

Alhamisi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Nilisimama, Maduhu ananikodolea macho.

"Masalu amekufa," nikasema. "Mkuu wa kaya ni mimi, Kabula."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kinywa changu kutamka kwamba amekufa. Siku zote nilisema hayupo. Mwenyekiti akaniambia nirudie, karani hajasikia. Nikarudia huku machozi yananitoka. Karani akafuta, akaandika upya.

Usidhani hofu iliisha hapo. Maduhu alinitishia msimu mzima, nami nililala nimeegemeza mchi mlangoni. Hata hivyo nililima, nikavuna, na watoto wakazoea kuitwa wa Kabula.

Basi mwanangu uliyefiwa juzi, usingoje hofu iishe ndipo uinuke, utangoja mpaka uzeeke. Mlilie mwenzio, mtaje kwa heshima, ila usimtume aliyelala kaburini akusemee mbele ya watu. Jisemee mwenyewe, hata kama sauti inakukatika. Mungu akushike mkono unapotetemeka, na asikunyime mtu wa kukukaripia kwa upendo.